MKOPO BILA HATI YA SHAMBA: TUULIZE KWANZA, TUTIE SAHIHI BAADAYE

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya akiba)

 

Swali tunaloulizwa sana vikundini ni hili: mtu asiye na shamba atapata wapi mkopo wa biashara bila kuibiwa? Leo tulijibu pamoja. Kuna maswali matatu ya kumwuliza mkopeshaji yeyote.

La kwanza: Nikishindwa kulipa, mtachukua nini, na kwa nani?

Watu husema "mkopo bila dhamana". Jamani, hakuna anayetoa pesa bila kushika kitu. Asiposhika hati ya shamba, anashika kingine. Sacco inashika akiba yako na ya wadhamini wako. Wakopeshaji wa vikundi wanashika kikundi chenyewe: mmoja akikwama, wenzake wanachanga. Mara nyingi pia makochi, televisheni na cherehani vimeandikwa kwenye fomu. Mkopeshaji wa simu anashika jina lako, maana usipolipa unaandikwa CRB na kesho Sacco itakuona huko. Shailoki naye anashika kitambulisho na kadi ya benki. Huyo tumwepuke kabisa. Kitambulisho ni mali ya serikali, si ya kuwekwa rehani.

Kwa hivyo fomu isomwe kwa sauti mbele ya kikundi, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Mdhamini ajue anadhamini nini. Urafiki mwingi umevunjika kwa sahihi iliyowekwa haraka.

La pili: Nani amekupa leseni?

Benki za mikopo midogo hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, chini ya sheria ya 2006. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, chini ya sheria ya 2008. Wakopeshaji wengi wa simu walifanya kazi bila msimamizi mpaka sheria ilipobadilishwa Desemba 2021, na kanuni zao zikatoka Machi 2022. Majina ya wenye leseni hutangazwa. Tafuta jina lile lile, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda kuiga jina la mwenye sifa nzuri. Kama simu yako haina intaneti, mwombe kijana wa kikundi akuangalilie.

Lakini tusidanganyike: leseni haimaanishi bei rahisi. Ndiyo maana kuna swali la tatu.

La tatu: Kwa jumla nitarudisha pesa ngapi?

Usikubali kuambiwa "asilimia 2 tu". Tuchukue mfano. Mama wa mitumba anakopa shilingi 20,000 kwa miezi 10, riba asilimia 2 kwa mwezi, na kila mwezi anapunguza deni kwa 2,000. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo, atalipa riba ya 4,000. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, atalipa 2,200. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 1,800! Ongeza ada ya fomu na bima, ndipo ujue bei. Na ukikopa 3,000 kwa simu urudishe 3,450 baada ya mwezi, hiyo ni asilimia 15 kwa mwezi. Ni mboga gani sokoni inaleta faida ya kulipa hiyo kila mwezi?

Sasa tuseme juu ya wezi wenyewe. Anayekwambia utume shilingi 500 kwa namba ya simu ya mtu ili mkopo "ufunguliwe", huyo hana mkopo. Ada ya kweli imeandikwa na ina risiti. Anayeomba namba yako ya siri naye ni mwizi, hata akiongea kwa upole namna gani.

Na kama umeshakopa na umechelewa, usijifiche. Nenda kwa mkopeshaji kabla yeye hajakuja, mwombe mpangilio mpya. Kanuni za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa simu kukutisha, kukutukana, au kuwapigia jamaa na marafiki zako ili uaibike. Hifadhi ujumbe huo na upeleke malalamiko Benki Kuu.

Ushauri wetu ni huu. Anza na akiba ya chama chako, halafu Sacco, ndipo uende mbali zaidi. Kopa kwa biashara inayozunguka tayari, si kwa karo wala arusi. Na kila kikundi kichague watu wawili wa kwenda kuuliza maswali haya matatu kabla mwanachama yeyote hajatia sahihi. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Tukiuliza mapema, matanga hayo yatatupita.

 Sasa leteni fomu mlizo nazo, tuzisome.