Kuchagua Wakati wa Kitenzi katika Kiingereza

Hotuba kwa walimu na wazee wa Ipuli, Tabora



Nimeombwa niseme machache juu ya lugha ya Kiingereza, nami nimechagua jambo moja lililo dogo kwa macho, bali lina uzito: namna ya kuchagua wakati wa kitenzi. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakiingia sekondari hukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Majina ya vitu huyashika upesi. Kitenzi ndicho kiwaangushacho.

Huenda mtu akauliza, "Kosa la wakati lina hasara gani, maadamu maana imefahamika?" Hasara yake ni kwamba pengine maana haikufahamika. Chukueni mfano wa barua ya zahanati iendayo hospitali pamoja na mtoto mgonjwa, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi akiandika "The child had fever for three days", daktari atafahamu ya kuwa mtoto alikuwa na homa siku tatu, kisha ikamtoka. Akiandika "The child has had fever for three days", atafahamu ya kuwa homa ingalimo mwilini. Tofauti ni neno moja fupi, "has". Nalo laweza kumfanya daktari aharakishe au akawie.

Basi shida yatoka wapi? Yatoka katika kutaka kila silabi ya Kiswahili iwe na mwenziwe mmoja katika Kiingereza. Mwanafunzi huambiwa ya kwamba -me- ni "has", na -na- ni "is", na -ta- ni "will". Kanuni hiyo yafaa siku ya kwanza, lakini haimfikishi mbali.

Kwanza, tutazame -me-. Kwa Kiswahili twasema, "Mgeni amefika jana," wala hapana aonaye vibaya. Mwingereza hasemi "The guest has arrived yesterday". Kwake "has arrived" ni tendo ambalo mlango wake u wazi upande wa leo. Ukitaja jana, au mwaka uliopita, mlango umefungwa, nawe huna budi kusema "arrived". Reli ilifika Tabora mwaka 1912: "The railway reached Tabora in 1912." Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872: "Livingstone stayed at Kwihara in 1872." Lakini nyumba ya Kwihara imekuwa makumbusho, na hali hiyo ipo hata leo; basi sema "The house has become a museum."

Tena -me- hiyo hiyo ina kazi ya pili, nayo huwapoteza wengi. Amelala, amesimama, nimechoka: mara nyingi maneno haya hutaja hali iliyopo, si tendo lililopita. Ukimwonyesha mgeni mtoto aliye kitandani, usiseme "The child has slept", maana atadhani usingizi umekwisha. Sema "The child is asleep." Amesimama mlangoni ni "He is standing at the door", na nimechoka ni "I am tired".

Pili, -na-. Mwanafunzi hutaka kusema "Ninajua", akaandika "I am knowing". Vitenzi vya kujua, kuamini na kumiliki havipendi sura hiyo. Sema "I know". Tena, "Anauza asali" ina maana mbili. Kama ndiyo biashara yake ya siku zote, ni "He sells honey", nasi twaweza kusema "Huuza asali". Kama yuko sokoni saa hii akiwapimia watu, ni "He is selling honey".

Tatu, -ka-. Wazee wetu wakisimulia habari za njia ya misafara husema hivi: "Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Ugogo, ukafika Tabora." Kitenzi cha kwanza chachukua mzigo wa wakati, na vingine vyafuata nyuma yake. Katika Kiingereza kila mpagazi hubeba mzigo wake mwenyewe: "The caravan left Bagamoyo, passed through Ugogo and reached Tabora." Mwanafunzi akiandika "left", kisha "pass", kisha "reach", amemwachia mmoja mizigo ya watatu.

Nne, "Atakapofika tutakula." Hapa twaona -ta- mara mbili, lakini Mwingereza hulitia neno lake mara moja tu: "When he comes, we shall eat." Usiandike "When he will come".

Sasa, mabwana na mabibi walimu, nawasihi mwafundishe watoto kuliuliza tendo lenyewe kabla ya kuandika. Je, limekwisha, na siku yake imetajwa? Je, limeanza zamani na hata leo lingalipo? Je, linatendeka saa hii? Au ni desturi ya kila siku? Atakayejibu maswali hayo manne amekwisha kukaribia jibu lake. Wala msimcheke akosaye, maana akosa kwa kuifuata lugha yake mwenyewe kwa uaminifu. Mwonyesheni kwanza jinsi Kiswahili kifanyavyo, kisha jinsi Kiingereza kifanyavyo, apate kuona mahali njia mbili zinapoachana.

Nanyi wazazi, msidhani hamna kazi katika jambo hili. Mtoto arudipo jioni, mwambieni asimulie kwa Kiswahili aliyoyaona sokoni, jambo kwa jambo, kwa utaratibu. Ajuaye kupanga habari zake kwa lugha ya nyumbani hujifunza upesi kuzipanga kwa lugha ya ugeni. Haba na haba hujaza kibaba.