Lugha ya Matokeo: Pale Kiambishi Kinapobeba Ushahidi



Si mbali na pilikapilika za Kariakoo, katika eneo la Upanga, ipo Muhimbili. Watafiti wa hapo na wenzao wa Harvard walianza mwaka 1995 jaribio la vitamini miongoni mwa wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya UKIMWI. Taarifa yake, iliyohusu wajawazito 1,075, ilichapishwa mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, kwa Kiingereza. Akina mama waliotoa damu yao walizungumza Kiswahili. Je, sehemu ya matokeo ingeandikwaje katika lugha yao?

Kwanza, tarakimu hutangulia. Katika kundi lililopewa mchanganyiko wa vitamini, vilitokea vifo 30 vya watoto wakiwa tumboni. Katika kundi lisilopewa, 49. Uwiano wa hatari ulikuwa 0.61, na mipaka yake ya uhakika wa asilimia 95 ilikuwa 0.39 na 0.94. Mwandishi asiyetaja mipaka hiyo humnyima msomaji kipimo cha shaka.

Pili, kuna suala la kiambishi. "Mchanganyiko ulipunguza vifo" na "mchanganyiko hupunguza vifo" ni kauli mbili tofauti. Kiambishi -li- hulifunga tukio ndani ya wakati wake na watu waliopimwa. Hu- hulifanya kuwa kanuni ya siku zote. Sehemu ya matokeo ni makao ya -li-. Kiambishi hu- hakina budi kungoja mjadala, baada ya tafiti nyingine kupimwa.

Tatu, ukanushi. Vitamini A ikiwa peke yake haikuonyesha athari ya maana kitakwimu katika vifo hivyo. Kuandika "haipunguzi" ni kutoa hukumu. Kuandika "hakukuonekana tofauti" ni kueleza kilichotazamwa. Tena, tokeo la namna hiyo halifichwi kwa kuwa halikupendeza.

Haya si mapambo ya sarufi. Mgonjwa anayesoma hu- mahali palipostahili -li- anaweza kuziacha dawa za kufubaza virusi, akatafuta vidonge vya vitamini madukani. Kiswahili kinazo nyenzo za kutenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa. Kinachosubiriwa ni wanasayansi kuzitumia, na wanaisimu kuwafundisha namna.