Insha Isiyopata Mpinzani



Mwanafunzi wa falsafa ambaye insha yake inapingwa na mwenziwe darasani hudhani mara nyingi kwamba ametukanwa. Hakutukanwa. Amepewa msaada ambao John Hanning Speke aliukosa.

Speke aliingia Karagwe mwaka 1861, akapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Alikaa wiki chache tu. Mwaka 1863 alichapisha kitabu Uingereza, akadai kwamba watawala wa nchi hizi na jamaa zao wafugaji walikuwa wazao wa watu kutoka Ethiopia, taifa bora lililowashinda wakulima walio duni.

Hoja hiyo na iletwe darasani. Mmoja aitetee kwa dhati, mwingine aipinge. Mpinzani akisema tu kwamba Speke alikuwa tarishi wa mabeberu, na akae chini, kwa maana hata beberu huweza kusema kweli. Mtetezi naye ana lake: masimulizi ya Karagwe yenyewe husema kwamba Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme, alitoka kaskazini, upande wa Kitara. Hapo ndipo penye kazi. Je, kutoka Kitara ni kutoka Ethiopia? Mbona Mhinda na mkulima walisema Kinyambo kimoja? Na hata ikithibitika kwamba babu wa mtu alitoka mbali, ni hatua gani ya hoja inayompa akili kumzidi mwenyeji? Speke alitazama nyuso na pua za watu, mengine akayajaza mwenyewe.

Wengi wa wasomaji wake wa Ulaya hawakuuliza hayo. Ng'ambo ya Mto Kagera, wakoloni na wamisionari waliifundisha hoja hiyo kama elimu. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alihutubia mkutano wa hadhara, akataka Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera. Mwaka 1994 maiti zilichukuliwa na Kagera, zikapita mpakani mwa Karagwe hadi Ziwa Viktoria.

Basi insha ya kwanza na isomwe. Mwandishi wake asijibu upesi. Aliandike kila pingamizi kwa maneno ambayo mpinzani atakubali kuwa ni yake hasa, ndipo ashike kalamu kujibu. Asipokuwa na jibu, afute aya yake.