Mnyaa Ubaki Kwenye Ua
(Hotuba kwa wakazi barazani)

 

Leo nazungumzia ule mti wa ua, mnyaa. Wakikuyu huuita kariaria, Wajaluo ojuok. Ni vijiti vya kijani tu, na ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Utomvu huo watu wameufanya dawa. Kuna wanaopaka chunjua, wanaotia kwenye jino lililotoboka, hata wanaomeza ili tumbo lifunguke. Wazee wanaojua miti shamba nawaheshimu, na miti mingi inasaidia. Huu unaunguza. Chunjua huenda ikatoka kweli, lakini ni kwa kuwa ngozi imeungua, pamoja na ile nzima iliyo kando yake. Kinywani huleta malengelenge. Ukimezwa huchoma koo na tumbo, mtu akatapika na kuhara.

Jicho ndilo linalonitia hofu zaidi. Anayekata ua kwa panga, au mtoto anayechezea vijiti kisha akajifikicha, tone moja linatosha. Maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa, halafu jicho linavimba na kuona ukungu. Wapo wasioona kwa siku kadhaa, na likipuuzwa, kovu linaweza kubaki.

Likiingia, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa dakika 15 au zaidi. Usitie maziwa ya mama, asali, wala dawa ya macho ya jirani. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepoa. Aliyemeza asitapishwe; mpelekeni haraka na mchukue kijiti, daktari akione.

Watafiti pia wameuhusisha utomvu huu na saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Malaria na aina moja ya virusi navyo vinahusishwa. Sisemi kila mwenye ua wa mnyaa ataugua, wala sisemi mng'oe nyua zenu. Mkipogoa, vaeni glavu na miwani, na watoto wakae mbali.

Mwenye chunjua au jino bovu aanzie kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chake, naye atamwelekeza kituo kilicho karibu. Sasa nipo tayari kwa maswali.