Kodi na Nauli Ziko Mfuko Mmoja

Haya ni maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wetu wa huduma za jamii katika mkutano wa wapangaji na vibarua wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba wayapate kwa maandishi.

Najua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mmetembea kwa miguu kutoka Eneo la Viwanda. Kwa hivyo sitawaweka sana.

Nimeombwa niseme juu ya kodi ya nyumba na nauli. Watu wanaokuja kutuona, mmoja hulia kodi, mwingine hulia nauli. Lakini tukiketi na kupiga hesabu, mara nyingi tunakuta ni ugonjwa mmoja. Pesa hizi mbili zinatoka mfuko mmoja. Ukipunguza kodi bila kuangalia nauli, ni kama kuziba tundu la ndoo upande huu huku maji yanatoka upande ule.

Pesa tunazoanza nazo

Hebu tuanze na mshahara. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida wa Nairobi kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Kiasi hicho hakina posho ya nyumba ndani yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amwongezee pesa za kutosha kulipia nyumba. Ikiongezwa asilimia 15, unafika kama Sh18,530.

Sasa ondoa makato: NSSF asilimia 6, SHA asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Unabaki na kama Sh16,630. Hizo ndizo pesa za kula, kulala, kusafiri, karo na dawa.

Najua wengi hapa hawafiki hata hapo. Kama una karatasi ya mshahara, iangalie. Je, posho ya nyumba imeandikwa? Kama wewe ni kibarua wa kulipwa kila siku, jua kwamba kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinasema hivi: ukifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, unahesabiwa kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Andika siku zako katika daftari. Siku ya kudai, daftari ndilo shahidi wako.

Nyumba rahisi inaweza kuwa ghali

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaofanya kazi kiwanda kimoja, siku 26 kwa mwezi.

Wa kwanza amepanga chumba cha mawe mbali, upande wa Ruai, kwa Sh3,000. Asubuhi analipa nauli Sh80. Jioni, wakati watu wamejaa steji, analipa Sh100. Hiyo ni Sh180 kwa siku, yaani Sh4,680 kwa mwezi. Maji ni Sh300. Jumla ni Sh7,980.

Wa pili amepanga karibu na kiwanda kwa Sh5,500. Majirani wanamcheka, ati anamtajirisha mwenye nyumba. Lakini anaenda kazini kwa miguu. Maji ananunua kwa mtungi, minne kwa siku kwa Sh10 kila mmoja, na kwa mwezi ni Sh1,200. Jumla yake ni Sh6,700.

Umeona? Yule mwenye nyumba ya "bei rahisi" anatumia Sh1,280 zaidi kila mwezi. Tena hatujahesabu siku za mvua, wakati makanga anapandisha nauli na huna la kufanya. Hatujahesabu masaa pia. Saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa siku 26, ni masaa 78. Masaa hayo mama angeweza kufua nguo za watu, au baba angeona watoto wake wakiwa macho.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila mtu ahamie karibu. Kama mke ana kibanda chake cha mboga kule mbali na kinaleta pesa, au watoto wamezoea shule nzuri ya serikali, hesabu inageuka. Mama anayetoka zamu ya usiku aulize kwanza njia ya miguu ina usalama gani. Na nyumba iliyo kando ya mto isikuvute kwa bei. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumba nyingi za Mathare na Mukuru, na baada yake serikali ikaamuru walio karibu na mito wahame. Mtu alipoteza godoro, vyombo na vitabu vya watoto kwa usiku mmoja. Kitu alichookoa kwa kodi ya mwaka mzima kilienda na maji.

Kwa hivyo kabla ya kuhama, andika mambo manne kwenye karatasi: kodi, nauli, maji na stima, na masaa ya njiani. Jumlisha zile pesa, kisha tazama masaa. Ongeza gharama ya kuhama yenyewe, yaani mkokoteni na depositi. Kama utaokoa Sh1,000 kwa mwezi lakini kuhama kunakula Sh8,000, ni miezi minane kabla ya kuona faida. Je, utakaa hapo miezi minane?

Kodi hulipwa kila jioni

Mpangaji husema, "Kodi ni tarehe tano." Kwa mtu anayelipwa kila siku, huo ni mtego. Kodi yako inalipwa kila jioni, ila mwenye nyumba anaipokea tarehe tano.

Gawanya. Kodi ya Sh4,500 kwa siku 26 za kazi ni kama Sh175 kwa siku. Ukipokea pesa, toa hizo Sh175 kabla hujapita dukani, na utoe nauli ya kesho pia. Zilizobaki ndizo zako. Nauli ya kesho ikiliwa leo, kesho kazi inapotea, na kazi ikipotea hata kodi haipo.

Msiweke pesa hizo mahali mkono unafika kwa urahisi. Wengine hufungua akaunti ya kuweka kwenye simu, ambayo haifunguki mpaka siku waliyochagua. Wengine wana chama. Lakini mzunguko wa kawaida una shida moja: zamu yako inaweza kufika mwezi wa nane, na kodi haingoji. Watu kumi wa ploti moja wanaweza kuwa na mfuko wa kodi, kila mtu anaweka kila jioni, mweka hazina anaandika mbele ya watu wawili, na tarehe nne kila mmoja anapewa zake zote. Hakuna faida hapo. Faida ni kwamba mlango haufungwi.

Mikopo ya simu nayo tuiogope kidogo. Ukikopa kupita salio ili ulipe nauli, mshahara ukiingia unakatwa kabla hujauona. Mwezi unaofuata unaanza ukiwa nyuma, na unakopa tena.

Siku pesa hazikutosha

Usijifiche. Mpangaji anayezima taa akisikia sauti ya keateka anamfanya mwenye nyumba aamini kwamba hataki kulipa. Nenda tarehe mbili au tatu, kabla ya siku yenyewe. Peleka nusu kama unayo, useme tarehe ya nusu nyingine, na uitimize. Dai risiti, au ulipe kwa simu ili ujumbe ubaki. Mwenye nyumba naye mara nyingi ana mkopo wa benki unaomkaba.

Lakini heshima si woga. Kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake si zaidi ya Sh2,500, kuna baraza la kodi chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumsumbua mpangaji ili ahame, wala kumtoa bila amri. Na kwa kodi yoyote, kukamata vyombo vya mpangaji ni kazi ya dalali mwenye leseni, kwa kufuata sheria. Kung'oa mlango au mabati ya paa mtoto akiwa ndani si sheria. Likitokea, msikae kimya. Nendeni kwa chifu mkiwa wengi, mkiwa na risiti zenu, au mje ofisini tuandamane.

Ndugu zangu, hesabu nzuri haigeuzi mshahara mdogo kuwa mkubwa. Mshahara usiotosha ni jambo la kudai kwa mwajiri na kwa serikali, na tutaendelea kulidai. Lakini mtu anayejua pesa zake zinapita wapi anadai vizuri zaidi, kwa sababu ana karatasi mkononi.

Basi jioni hii, kabla ya kulala, bwana na bibi mketi pamoja mwandike yale mambo manne. Asiyejua kuandika amwite mtoto aliye shuleni. Mkutano ujao mje na karatasi hizo, tuzipige hesabu pamoja.