Shule Ndogo Zishikane: Maneno kwa Walimu na Sharika Siku ya Jubilei



Habari za mwanzo mmezisikia tangu asubuhi: jinsi wamisionari wa Berlin na Wamoravian walivyofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, na jinsi shule zilivyoota kando ya nyumba za ibada. Hatutazirudia. Twataka kunena juu ya shule ndogo za vijiji vyetu, zile za mlimani ambako gari halifiki wakati wa masika.

Shule nyingi za misioni zilikuwa zikipata msaada wa serikali, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa, zikawa za watu wote. Jambo hilo hatulililii, maana watoto wa kila dini waliingia. Walakini kwa watu wetu kilipotea kitu kimoja, yaani ile desturi ya kusema "shule yetu." Zamani bati likitoboka, fundi alipanda bila kuitwa. Siku hizi hutazama juu akasema, "Ni la serikali," akaenda zake.

Basi na tufanye hesabu, kama walimu wafanyavyo ubaoni. Utaratibu ulioanza mwaka 2016 uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka: 4,000 kwa ajili ya vitabu, na 6,000 za kufika shuleni. Shule ya mjini Mbeya yenye watoto 1,000 huhesabiwa 6,000,000. Shule ya mlimani yenye watoto 150 huhesabiwa 900,000, yaani 75,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Lakini bei ya mashine ya kunakili karatasi ni ile ile kwa zote mbili, na nauli ya mwalimu mkuu kwenda mjini ni kubwa zaidi kwa yule wa mlimani.

Mtu atasema, shule sita zichange ruzuku zao. Sivyo. Fedha ile ina masharti yake, wala shule ya serikali haiwezi kujitoa mikononi mwa Halmashauri. Twasema hivi: wazazi na walimu wa shule jirani waunde chama chao wenyewe, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Hisa zitolewe kwa hiari, maana michango ya lazima imekatazwa. Chama kinunue karatasi kwa jumla, kilipe gari mara moja, na mashine iwe mali ya chama.

Huko Uingereza, tangu mwaka 2008, shule zilianza kuungana katika amana za ushirika, hata shule ndogo za msingi za vijiji vya Cornwall. Katika miaka michache zikawa mamia. Zilifuata kanuni ya wafumaji wa Rochdale wa mwaka 1844, mwanachama mmoja kura moja. Baadaye nyingi zilihamia katika mipango mingine, kwa kuwa siasa ya elimu ya nchi ile iligeuka. Twalitaja hilo pia, asije mtu akadhani ushirika ni dawa isiyochacha.

Tena wazee wetu wanayo yao. Wakulima wa kahawa wanakumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ukitaja ushirika, mzee hutikisa kichwa: "Tuliuona." Hofu hiyo ni ya haki, wala haiondolewi kwa hotuba. Sisi wenyewe tuliketi katika kamati ya shule moja, hatutaitaja, ambamo fedha za bati zilikaa katika koti la mtu mmoja mpaka mvua zikaanza. Hakuwa mwizi, mtoto wake aliugua, akakopa bila kuuliza, akashindwa kurudisha kwa wakati. Watoto wa darasa la pili walisoma masika yote wakiwa wamejibanza upande mmoja wa chumba. Tangu siku hiyo hatukubali fedha ya watu wengi ikae kwa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani. Ziwepo sahihi tatu benki, za watu wa vijiji mbalimbali, na hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, shilingi kwa shilingi.

Limebaki neno gumu. Je, shule kubwa ikubali kuwa na kura sawa na ndogo? Walimu wawili walitupinga jana usiku, na hoja yao ina nguvu: aletaye wengi asihesabiwe kama aletaye wachache. Twajibu kwamba kura ni ya mtu, si ya shule. Lakini kwa njia hiyo wakubwa watawashinda wadogo kila mara. Kwa hiyo twaona katika halmashauri ya chama kila shule iwe na wajumbe wawili, mzazi mmoja na mwalimu mmoja, mkutano mkuu ukibaki na kura ya kila mwanachama. Wenye shauri bora waseme leo.

Daftari lipo mezani karibu na mlango. Kila shule iandike wajumbe wake wawili kabla ya chakula, nao wabaki nasi jioni kusoma kanuni za chama.