Ulimi Wetu Kazini
(Hotuba kwa wanachama, Sigalame)



Nimeombwa niseme juu ya namna mfanyakazi anavyopaswa kuzungumza na mkubwa wake wa kazi. Wengine wetu ni wapakizi wa mizigo, wengine walinzi, wengine makarani na wauza duka, huko Busia na Malaba. Nyumbani twasema Kisamia, Kiteso au Kijaluo, sokoni Kiswahili, lakini barua ya kazi huja kwa Kiingereza. Hapo ndipo wengine hupoteza kazi, siyo kwa kosa, ila kwa kunyamaza au kwa kusema kwa hasira.

Kwanza, yafaa tujue kwamba sheria imetupa nafasi ya kusema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamlazimu mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi mbaya au kwa kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama, atakayemchagua mwenyewe. Hata mwajiri akitaka kumfukuza bila notisi, sharti amsikilize kwanza. Basi ukiitwa ofisini, usione haya kusema, "Bwana, naomba nielezwe kwa Kiswahili, na mjumbe wetu awepo." Huo si ukaidi. Kuuliza si ujinga.

Pili, tuchunge ulimi. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo chahesabu matusi kwa mwajiri au msimamizi kuwa kosa kubwa, nalo laweza kumfukuzisha mtu bila notisi. Tuseme mpakizi ameambiwa magunia mawili yamepungua. Akijibu, "Wezi ni nyinyi," basi shauri la magunia limekwisha. Sasa shauri ni matusi. Lakini akisema, "Bwana, Jumanne tulipakia magunia 200, karani akahesabu na kutia sahihi, naomba daftari lake liletwe," hapo mkubwa ndiye atakayetafuta jibu. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tatu, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo. Andika siku, saa ulizofanya, kazi uliyopewa na fedha ulizopokea. Ukipewa barua usiyoielewa, usitie sahihi ya kukubali. Andika kwamba umeipokea tu, na tarehe yake, kisha umletee mjumbe siku hiyo hiyo, maana huenda ina siku ya mwisho ya kujibu. Na ukifukuzwa isivyo haki, peleka lalamiko kwa Ofisa wa Kazi kabla ya miezi 3 kupita. Ukikawia, haki yako yaweza kukuponyoka.

Pengine mtu atasema upole ni woga. Sivyo. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, kisiwa cha ziwa letu hili, alikuwa kijana wa miaka 24. Aliwasihi warudi kazini ili mashauri yaendelee, akaingia mezani na hesabu za maisha ya mfanyakazi. Mwishowe mishahara ilipanda kwa kiasi cha thuluthi moja. Hakushinda kwa kelele. Alishinda kwa sababu alijua alichotaka kusema, na nyuma yake walikuwapo watu wenye umoja.

Nanyi wajumbe, sikilizeni kabla ya kusema. Mwanachama akikujia, mwulize yote, hata lile kosa analolificha, usije ukalisikia mara ya kwanza mbele ya meneja.

Nawaomba kila tawi litenge jioni moja kwa mwezi. Mmoja akae kama meneja, mwingine asimame kama mshtakiwa, wengine wasikilize na kusahihisha. Afadhali kukosea mbele ya ndugu zako kuliko ofisini.

Umoja ni nguvu.